Jino Lipi?

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Mama Rekodi alikaa mezani akaanza kukata karatasi. Alichukua fomu za zamani za rangi ya kijani, zile zilizochapishwa upande mmoja tu, akazikata kwa rula vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvipanga kando ya kisanduku cha pini. Ikifika chai ya saa nne, nusu ya vipande hivyo vilikuwa vimeshabandikwa kwenye mafaili na kurudishwa wodini, kila kimoja na swali lake moja, kwa mwandiko ule wa shule za zamani ulioinama kulia. Mguu upi? Tangu lini? Aliungua na nini? Na lile swali lililowafanya madaktari vijana wageuze njia wakimwona kwenye ngazi: Jino lipi?

Nilifanya kazi naye miaka saba katika chumba cha rekodi cha hospitali moja pale mtaa wa Hurlingham, orofa ya chini kabisa, ambako dirisha letu lilitazama magurudumu ya magari. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, na mafaili bado yalikuwa ya karatasi. Hospitali siitaji. Jina lake yeye pia silitaji, maana hata tulipokuwa naye hakuna aliyelitumia. Kuanzia askari wa langoni hadi daktari mkuu, wote walimwita Mama Rekodi. Mimi aliniita Vihiga, kwa sababu ndiko nilikotoka, na kwa sababu, kama alivyodai, majina yetu watu wa magharibi yalimchosha taya.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, au akifariki, faili lake linashuka kwetu. Tunalisoma, tunatafuta ugonjwa alioandika daktari, tunafungua kile kitabu kinene cha namba kinachotumika dunia nzima, tunaupa ugonjwa namba yake. Mwisho wa mwaka namba zinajumlishwa, ripoti inapelekwa juu, na wakubwa wanajua watu wameugua nini na wamekufa kwa nini. Ugonjwa ambao haukupata namba ni kama haukuwahi kumpata mtu.

Sheria ilikuwa moja, na alinifundisha siku ya kwanza, nikiwa bado nimekumbatia mkoba wangu. Daktari aliyemtibu mgonjwa ndiye anayesema ugonjwa. Sisi tunaandika alichoandika.

"Hata kama ninaona amekosea?" nilimuuliza.

"Hata kama unaona na macho yako yote mbili."

"Sasa tuko hapa kufanya nini, Mama?"

"Kuuliza," akasema, akinisukumia kipande cha kijani. "Kuuliza tunaruhusiwa. Kujaza wenyewe, hapana. Siku utajaza mwenyewe, hii chumba yote inakuwa ya uongo."

Alikuwa mkali, wala hakuwa na ule ukali wa kupendeza ambao watu huusifia mtu akishakufa. Aliweza kununa siku tatu kwa sababu ya karatasi iliyopangwa kinyume. Kalamu yake hakuazima mtu. Aliwahi kumrudisha daktari bingwa, mtu mwenye mvi, kutoka kwenye maegesho ya magari, aje aandike saa aliyofariki mgonjwa. Bingwa akarudi, akaandika, akaondoka akiguna, na Mama Rekodi akamwambia ahsante kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu wa kuleta maziwa.

Lakini kwa meno alizidi. Mengine yote aliyasimamia kama kazi, hili la meno alilishika kama deni la damu. Magonjwa ya meno yalimnyima usingizi kwa sababu hakuna mtu aliyeyaheshimu. Daktari wa zamu akiona shavu limevimba, ataandika "maumivu ya jino," atampa mtu vidonge, basi. Kitabu kina namba ya maumivu ya jino, namba ya mwisho mwisho, ya uvivu, na alipolazimika kuiandika aliiandika kwa herufi ndogo.

Alinieleza kwamba jipu la jino lina namba mbili, zote zinaanza na K sifuri nne. Nukta sita ni usaha uliojitobolea njia kwenye ufizi ukawa unatoka. Nukta saba ni usaha uliofungiwa ndani. Yeye aliziita ule wa mlango na ule usio na mlango. "Ule wa mlango unaweza kukungoja mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Huu mwingine hauna pa kwenda, kwa hivyo unashuka. Unaingia chini ya ulimi, unateremka shingoni, mtu anakosa pumzi. Na wewe uko hapo unaandika eti maumivu ya jino."

Akanifundisha pia namna madaktari wa meno wanavyoyahesabu: tarakimu ya kwanza inasema upande wa mdomo, ya pili inasema jino la ngapi kutoka mbele. Nne ni chini kulia, nane ni gego la mwisho kabisa. Nilijifunza kwa kupitisha ulimi kwenye meno yangu mwenyewe nikiwa mezani, na yeye akinicheka.

Kila mtu pale hospitalini alikijua kisa cha yaya wa Spring Valley, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kukisimulia. Yaya huyo aliletwa na mwajiri wake, shingo imevimba hadi kidevu hakionekani. Daktari akaandika matumbwitumbwi, akaagiza faili lake la zamani lipandishwe wodini. Sasa, Mama Rekodi alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemtuma: faili la zamani halikutoka mikononi mwake kabla hajalisoma. Akakuta yaya amekuja mara tatu katika miezi miwili, na mara zote tatu ameandikiwa maumivu ya jino. Akabandika kipande cha kijani kwenye jalada, akapanda nalo mwenyewe orofa tatu, na magoti yake yale mabovu.

"Mama, daktari hapa ni mimi," yule daktari, kijana bado, alimwambia.

"Ndiyo, daktari. Mimi nimeuliza tu. Jino lipi?"

Watu wanasema alisimama pale mlangoni mpaka daktari akaona haya, akachukua tochi, akamfungua yaya mdomo. Jioni hiyohiyo yaya alipelekwa chumba cha upasuaji. Wiki mbili baadaye alishuka kwetu na mapapai mawili makubwa, akamtafuta huyo mama wa karatasi za kijani. Mama Rekodi akapokea mapapai, akamwuliza kama ameng'oa lile jino, akarudi kwenye mafaili yake. Alipoondoka yaya, nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Nikajifanya sijaona, maana hizo siku tatu za kununa nilizijua.

Huyo ndiye aliyekuwa anatia sukari vijiko sita kwenye kikombe kimoja cha chai.

Sitanii. Sita, na vya kujaa. Kwenye droo yake, chini ya rula, kulikuwa na karafuu zilizofungwa kwenye karatasi, na siku za baridi za Julai alikuja amefunga kitambaa cha kichwa hadi chini ya kidevu, anatafuna upande mmoja tu. Ukimwuliza, ni upepo wa Muthangari. Alikuwa akiishi huko, chumba kimoja na jiko nyuma ya nyumba ya watu, akitembea kwa miguu kuja kazini asubuhi na kurudi jioni, na upepo wa njiani ulikuwa na makosa mengi.

"Mama, ni jino," nilimwambia mara moja.

"Umekuwa daktari lini?"

"Nimeuliza tu. Jino lipi?"

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Mimi na koleo hatupatani, Vihiga. Wacha hiyo maneno."

Hakuogopa maumivu. Nilimwona akishonwa kidole bila kupepesa. Aliogopa kile kiti, kulazwa chali mdomo wazi, mtu mwingine akitazama ndani. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ilinichukua miaka kulielewa. Katika hospitali ile ambamo wafanyakazi wote walitibiwa, Mama Rekodi hakuwa na faili. Miaka yake yote pale, hajawahi kufunguliwa hata karatasi moja. Mafua alijitibu kwa tangawizi. Goti alilipaka mafuta.

"Faili yangu itasomwa na nani?" aliniambia. "Si ni wewe? Si ni hawa? Aka. Ninajua vile tunasoma."

Na kweli tulisoma. Tulijua nani ana sukari, nani ametoa mimba, nani amelazwa kwa pombe na kuwaambia watu ni malaria. Hatukusema, lakini tulijua, na yeye alijua kwamba kujua kunatosha. Yule aliyewafukuza madaktari ngazini ili mgonjwa aandikwe sawasawa, yeye mwenyewe hakutaka kuandikwa popote. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilikasirika naye, na mpaka leo sijui ni kipi kilikuwa kingi.

Jumamosi moja nilimdanganya. Nilimwambia tuende mjini tukatafute pini, maana zile za hospitali zilikuwa zinapinda. Nilikuwa nimeshaongea na daktari wa meno mmoja mwenye chumba orofa ya pili, barabara ya nyuma ya soko, mtu mpole, akanihakikishia hatamgusa siku hiyo, atazungumza naye tu. Mama Rekodi alivaa viatu vya kanisani. Tulipanda ngazi hadi kona ya kwanza, na hapo harufu ikatufikia, harufu ileile ya mafuta ya karafuu iliyokuwa ndani ya droo yake. Akasimama. Mkono wake ulishika ukuta.

"Vihiga," akasema, "duka la pini liko chini."

"Mama, dakika tano tu. Nitakuwa hapo nimekushika mkono."

"Duka la pini liko chini."

Akateremka. Ningeweza kumshika, nilikuwa na nguvu kumshinda. Lakini mtu wa umri wa mama yako unamshikaje umpandishe ngazi? Nilimfuata. Tulinunua pini visanduku vitatu, na njia nzima ya kurudi alinieleza habari za kwaya ya akina mama kanisani kwao, kana kwamba hakuna lililotokea. Sikumjaribu tena. Nilipaswa kujaribu tena. Hilo nalisema hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Kila Januari, wakati wa ripoti ya mwaka, kulikuwa na mstari mmoja aliouacha hadi mwisho. Ripoti ilipanga magonjwa kwa mistari, na upande wa kulia kulikuwa na nafasi ya vifo. Mstari wa meno, nafasi ya vifo, aliandika neno moja: hakuna. Ndivyo mafaili yalivyosema. Wengine walikuwa wamefariki kwa nimonia, wengine kwa moyo, wengine kwa maambukizi ya damu, na yeye alijua kwenye mafaili gani shavu lilikuwa limevimba wiki moja kabla. Alikuwa ameuliza. Vipande vya kijani vilikuwa bado vimebandikwa mle ndani, bila jibu. Akishaandika lile neno aliweka kalamu chini, akatoka nje hadi bomba la karibu na chumba cha kufulia, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu.

Mwaka mmoja nilimtania. "Leo umekuwa Pilato, Mama?"

"Pilato alikuwa anaweza kufanya kitu," akanijibu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumatatu. Hakuja kazini, na yeye hakuwa mtu wa kukosa kazi. Saa tatu hivi sista mmoja wa wodi ya juu alishuka akaniambia nipande, Mama Rekodi amelazwa tangu Jumamosi. Jirani wa Muthangari alimleta kwa teksi, shingo imejaa, hawezi kumeza hata mate, hawezi kusema. Waliagiza faili lake la zamani. Hakukuwa na faili la zamani. Walifungua jipya: karatasi mbili, na jirani akaeleza alichokijua, kwamba mama amekuwa akilalamika baridi.

Nilimkuta ameinuliwa kwa mito, mpira umepitishwa shingoni ili apate pumzi, bendeji mahali walipopasua kutoa usaha. Alikuwa mdogo. Sijui alianza kuwa mdogo lini. Macho yake yakanitazama, kisha yakaangalia mfuko wa sweta yangu, na nikaelewa. Nilikuwa na vipande vyake vya kijani mfukoni, sote tulikuwa navyo. Nikampa kimoja na kalamu.

Akaandika: Wameandika nini?

Faili lilikuwa limening'inia miguuni mwa kitanda. Nikasoma kwa sauti. "Jipu la shingo. Maambukizi ya damu."

Akangoja. Nikageuza karatasi ya pili, nikairudia ya kwanza. "Ni hayo tu, Mama."

Akafumba macho. Nilidhani amechoka, lakini aliinua mkono, akaingiza kidole mdomoni, akavuta shavu la kulia kadiri uvimbe ulivyomruhusu. Miaka mingi alikataa mtu asitazame humo ndani. Nikainama, nikatazama. Nililiona, kule mwisho kabisa, gego jeusi lililobaki kama kisiki. Akaachia shavu, akachukua kipande kingine cha kijani. Mwandiko uliinama kulia kama kawaida yake. Aliandika 48. Halafu chini yake: Waulize.

Nikamfuata daktari mwishoni mwa wodi, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Daktari, samahani. Huyu mama wa kitanda cha nane, jino halijaandikwa. Arubaini na nane."

"Jino? Mathe anapigania pumzi, na wewe unaniuliza jino?"

"Ndilo lililoanzisha."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ameandika hapa."

Akatazama kile kipande, lakini hakukichukua. "Sawa, sawa. Nitaandika kwa samari ya kufunga faili." Akaitwa kitanda kingine, akaenda.

Nikarudi kwa Mama Rekodi, nikamwambia daktari amekubali, ataandika. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama madaktari ngazini. Alijua daktari hatakumbuka. Akanishika kidole kimoja tu, cha mwisho, akakishikilia mpaka sista akaniambia nitoke. Alifariki alasiri ile, mimi nikiwa chini, natoa namba za watu wengine.

Faili lake lilishuka siku ya Alhamisi. Wenzangu walilisukuma hadi mezani kwangu. Samari, ule muhtasari wa daktari, ilikuwa mistari minne. Jipu la shingo, maambukizi ya damu, moyo kusimama, mwili umekabidhiwa jamaa. Nikakata kipande cha kijani, nikaandika, Jino lipi?, nikabandika kwa pini zile tulizonunua mjini, nikalirudisha juu. Likashuka vilevile. Nikalirudisha tena, likashuka na alama ya kikombe cha chai. Mara ya tatu nililipandisha mwenyewe. Yule daktari alikuwa ameshahamishwa, hakuna aliyejua vizuri wapi. Nikamwomba mkubwa wake, nikamwekea kile kipande cha Mama Rekodi mezani, chenye 48.

Alikisoma. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana," akaniambia. "Nilimjua huyo mama, alikuwa ananisumbua. Lakini mimi mdomo wake sikuangalia. Siwezi kuandika kitu sijaona."

"Mimi niliona, daktari."

"Wewe si daktari."

Nikachukua kile kipande, nikashuka. Hiyo ndiyo sheria aliyonifundisha siku ya kwanza, na kama Mama Rekodi angekuwa amekaa kwenye kile kiti changu, angeifuata hadi nukta ya mwisho. Usiku sikulala, nikifikiria kwamba hakuna atakayejua nikiongeza namba moja, K sifuri nne, nukta saba, usaha usio na mlango. Asubuhi nilikaa mezani, nikafungua kitabu. Nikampa namba ya jipu la shingo na namba ya maambukizi ya damu, kama walivyoandika. Kipande chake cha kijani nilikiacha mle ndani. Ndicho pekee, katika vyote vya meno nilivyowahi kuviona, chenye jibu, na mwandiko wa jibu lenyewe, kwa kuwa si wa daktari, hauhesabiwi.

Januari ikafika, na ripoti ikawa yangu. Niliujaza ukurasa wote nikauacha mstari mmoja. Halafu nikaujaza na huo. Meno, upande wa vifo: hakuna. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikaweka kalamu chini, nikatoka hadi bomba la karibu na chumba cha kufulia. Nilinawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, na hakuna aliyenitania.